Karatasi ya Kolesteroli: Usisome Mstari wa Kwanza Pekee

  Kama uko jikoni, endelea na kazi yako lakini utege sikio.

Mama mmoja wa hapa Nyamache alinijia na karatasi ya maabara ya mama mkwe wake. Juu palikuwa na 5.6, na kando yake alama ya kuonyesha imezidi. Nyumbani walikuwa wameshaamua: nyanya asipewe maziwa, mayai wala avokado. Kwa wiki tatu alikula ugali na mboga ya kuchemsha tu, na nguo zikaanza kumlegea.

Kolesteroli ni aina ya mafuta yaliyo ndani ya damu. Ini letu lenyewe huyatengeneza, kwani mwili unayahitaji. Shida huja yanapozidi, yakajibandika polepole kwenye mishipa hadi njia ya damu ikawa nyembamba. Moyo ukikosa damu, ni mshtuko wa moyo. Ubongo ukikosa, ni kiharusi. Kolesteroli nyingi haiumi, na hata mtu mwembamba anaweza kuwa nayo. Ndiyo maana tunapima.

Karatasi huwa na mistari minne. Wa kwanza ni jumla, nayo tunapenda iwe chini ya milimoli 5.2 kwa lita. LDL ndiyo inayoziba mishipa. Kwa mtu asiye na ugonjwa mwingine, iwe chini ya 3.4. HDL ni mfagiaji: huyatoa mafuta kwenye mishipa na kuyarudisha kwenye ini. Hiyo tunaitaka iwe juu, zaidi ya 1.3 kwa mwanamke na 1.0 kwa mwanamume. Trigliseridi, mafuta ya aina nyingine, yawe chini ya 1.7.

Sasa tumrudie nyanya. LDL yake ilikuwa 3.1, trigliseridi 1.1, na HDL 2.0. Umeona? Jumla ilipandishwa na mfagiaji! Nikaomba aletwe tumpime presha na sukari, na zote zilikuwa sawa. Basi nikasema arudishiwe mayai yake na avokado. Avokado haina kolesteroli hata kidogo, nasi hapa Kisii tunaziacha zioze chini ya miti. Cha kupunguza ni mafuta ya kupikia yanayoganda, na mafuta meupe ya nyama.

Lakini usichukue hadithi ya nyanya huyu ukampimia baba yako. Kwa mwenye kisukari, au aliyewahi kupata kiharusi, 3.1 hiyo hiyo ni nyingi, na daktari anaweza kumwanzishia dawa. Namba husomwa pamoja na umri, presha, sukari na sigara.

Na wewe mjamzito, kolesteroli hupanda wakati wa mimba, ni kawaida. Ukipimwa ukaonekana umezidi, usishtuke. Kwa kawaida kipimo hurudiwa baada ya kujifungua, wiki sita zikishapita. Kama tayari unameza dawa za kolesteroli na umeshika mimba au unanyonyesha, mwambie daktari mara moja, kwa sababu nyingi hazitumiki wakati huo.

Kabla ya kupimwa, uliza kama unapaswa kufunga. Zamani kila mtu aliambiwa akae saa 9 hadi 12 bila kula. Siku hizi mara nyingi si lazima, ila trigliseridi zikiwa juu huenda ukaambiwa urudi ukiwa hujala. Maji unakunywa. Dawa za presha usiziache. Anayetumia dawa za sukari aulize kwanza, asije akaishiwa nguvu njiani. Na kama mtu ametoka kuugua sana juzi, asubiri apone, maana ugonjwa hushusha namba hizi zikadanganya.

Ukija kliniki, lete karatasi nzima pamoja na dawa zote anazotumia mgonjwa, hata zile za kienyeji. Juma lijalo tutazungumzia presha ya mama mjamzito. Kwaheri.