Analojia ilivyozimwa: mtazamaji wa antena alivyogeuzwa mteja

Kuzimwa kwa mitambo ya televisheni ya analojia Tanzania kulianza Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, miji mingine ikafuata kwa zamu. Morogoro iliingia awamu ya pili, 2014. Ukomo wa kimataifa ulikuwa Juni 2015.

Kibiashara, hesabu ilikuwa rahisi. Kwa analojia kila kituo kilihitaji masafa yake. Kwa dijitali, masafa yaleyale hubeba vituo zaidi ya kumi. Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) ikatenganisha kazi ya kuandaa vipindi na ya kuvirusha, na urushaji ukaangukia kampuni tatu: Star Media (ubia wa StarTimes ya China na shirika la utangazaji la taifa, TBC), Basic Transmissions (wenye king'amuzi cha Continental) na Agape Associates (wenye Ting).

TV ya chogo haikulazimika kutupwa. Nyaya tatu, nyekundu, nyeupe na njano, ziliiunganisha na king'amuzi, lakini aliyekinunua alikuwa mwenye TV, si aliyezima mtambo. TBC1, ITV, Star TV, Channel Ten na EATV zilitakiwa kuonekana hata kifurushi kikiisha. Nyingi kati ya zilizobaki zikawa za kulipia. Badiliko hilo la malipo lilikuwa na uzito zaidi kuliko ubora wa picha uliohubiriwa kwenye matangazo.

Milima ya Uluguru ilikuwa na hesabu yake. Mjini Morogoro, chini ya minara ya kilele cha Bondwa, antena ilitosha. Maeneo ya Mgeta na Matombo yako pande nyingine za safu, na mawimbi ya ardhini hukingwa na miinuko. Analojia ikififia huleta chenga, na mpira uliweza kutazamwa hivyohivyo; dijitali ikipungua nguvu picha huganda, kisha hupotea kabisa. Kwa kaya nyingi za mabondeni njia iliyobaki ilikuwa dishi, na Azam TV, iliyoanza mwishoni mwa 2013 na kuonyesha Ligi Kuu, ililikuta soko hilo wazi.

Agosti 2018 TCRA ilivizuia ving'amuzi vya dishi vya Azam, DStv na Zuku kubeba vituo binafsi vya bure, kwa kuwa leseni za kampuni hizo hazikuruhusu. Aliyelazimishwa na mlima kununua dishi akakosa kile ambacho jirani wa mjini alikipata kwa antena. Mwaka huohuo masafa ya megahezi 700, yaliyoachwa na televisheni, yalipigwa mnada kwa ajili ya intaneti ya simu.