Tasa ni nani?

Huku Kampene, ndoa ikipita miaka miwili bila mtoto, watu huuliza: "Mwanamke ana shida gani?" Swali hilo huingia naye hadi kituo cha afya, na mara nyingi yeye peke yake ndiye anayefunguliwa fishi. Fishi huandikwa kwa Kifaransa, lakini maswali huulizwa kwa Kiswahili. Nataka kueleza namna maneno yetu yanavyobeba upendeleo huo.

Sarufi haina kosa. Ngeli ya m-/wa- haitofautishi jinsia: mgonjwa, mzazi, mgumba, kila mmoja aweza kuwa mume au mke. Upendeleo umo katika matumizi. Tukitamka "tasa" au "hana kizazi", msikilizaji humfikiria mwanamke. Mwanaume tumemwekea msemo mwingine, "nguvu za kiume", nao unachanganya mambo mawili. Kuweza tendo la ndoa ni jambo moja. Kuwa na mbegu za kutosha, zinazotembea vizuri, ni jambo lingine. Mtu anaweza kuwa na la kwanza bila la pili, wala asijisikie mgonjwa.

Wataalamu wanajua hayo tangu zamani. Antonie van Leeuwenhoek aliziona mbegu za kiume kwa hadubini mwaka 1677. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kupima manii mwaka 1980, na toleo la sita mwaka 2021. Kipimo cha msingi kinahitaji hadubini na fundi wa maabara aliyefundishwa. Kuchunguza mirija ya uzazi ya mwanamke hudai picha ya eksirei yenye dawa inayopitishwa kwenye mlango wa kizazi, nayo huweza kuuma. Hata hivyo, mwanamke ndiye anayetangulizwa.

Hasara ni kubwa. Uwezo wake wa kushika mimba hupungua kadiri umri unavyosogea, hasa baada ya miaka 35. Miaka ya kunywa dawa za ugonjwa asio nao hairudi. Na kisonono kikitibiwa kwake tu, mume anaweza kumwambukiza tena, hata mirija ikaziba.

Sisi wa lugha hatuandiki dawa. Lakini ndio tutakaotafsiri mabango ya afya na vipindi vya redio. Badala ya "mwanamke tasa", tuandike "mume na mke wanaokawia kupata mtoto". Msemo huo unawaita wote wawili mbele ya muganga.