Kundi la Mazoezi Lipimwe kwa Lipi?

Vikundi vya mazoezi ya viungo vimeenea mitaani mwetu, na miongoni mwa wanaojiunga wamo baba na mama zetu walioambiwa na daktari kuwa sukari yao imepanda, ijapokuwa haijafikia ugonjwa wa kisukari. Ni jambo la kheri. Lakini mara nyingi tunachoonyeshwa kuwa ndiyo mafanikio ni fulana na picha za siku ya ufunguzi. Je, hiyo ni hoja?

Tuutazame mji wa Da Qing, kaskazini mashariki mwa China. Mwaka 1986 walipimwa huko watu zaidi ya 110,000, wakachaguliwa 577 waliokuwa katika hali hiyo. Zahanati 33 ziligawanywa kwa bahati nasibu: nyingine zikasimamia ulaji, nyingine mazoezi, nyingine yote mawili, na nyingine zikaachwa na huduma za kawaida. Baada ya miaka 6, katika zahanati zilizoachwa, watu 68 hivi katika kila 100 walikuwa wamepata kisukari. Katika zile za mazoezi walikuwa 41.

Hapa pana nukta ambayo wengi huipita. Hata katika zahanati zilizoachwa, watu 32 katika kila 100 walisalimika. Lau lingekuwapo kundi lisilo na wa kulinganishwa nao, lingewahesabu wote hao kuwa matunda yake, tena si kwa uongo bali kwa kutojua. Faida ya haki ni ile tofauti ya 68 na 41, nayo si haba.

Kundi la mtaani haliwezi kuyafanya ya Da Qing. Laweza, hata hivyo, kuwa na daftari. Humo yaandikwe majina ya wote walioanza, wakiwamo walioacha, kwani anayebaki hadi mwisho huenda ndiye aliyekuwa na nguvu tangu mwanzo. Uandikwe uzito na mzunguko wa kiuno siku ya kwanza na baada ya miezi 6. Sukari ipimwe katika kituo cha afya.

Na mama aliyeacha wiki ya tatu aulizwe sababu kwa upole, kabla hajaitwa mvivu. Pengine saa iliyopangwa ndiyo ya kuwaandaa watoto kwenda shule, au uwanja wenyewe hauna sitara.