Filme ya Noeli: mapato yake tutayajua namna gani?

Wanafunzi wenzetu, mtu asizani ya kama usiku wa kwanza unaonyesha feza yote ya filme. Titanic ilitoka Marekani tarehe 19 Desemba 1997. Siku tatu za kwanza iliingiza dola milioni 28 na zaidi. Mwishoni ilipita milioni 600 kule peke yake. Sababu gani? Wakati wa Noeli watu wako katika likizo, wanaingia sinema hata siku za kazi, na mwenye kuona anaambia jirani.

Basi, hapa Butembo ao Beni, tukionyesha filme kwa kiingilio, tusipime mafuta ya jenereta kwa hesabu ya usiku wa kwanza tu. Tusikilize wanaotoka: wakisifu, kesho watarudi na ndugu zao. Wakinyamaza, tupunguze gharama mapema.