Kufinyanga kwa Kompyuta

Nataka kuwaeleza kidogo jinsi ya kufinyanga umbo katika kompyuta upesi, kabla wazo halijapotea. Natumia programu iitwayo Blender, ambayo hutolewa bure.

Anza na tufe moja. Kwa brashi ya kuvuta toa kichwa, mabega na miguu. Ukivuta sana, ngozi ya umbo hutanuka vibaya kama mpira; lakini tangu mwaka 2019 programu hii yaweza kulivika umbo zima wavu mpya wenye matundu sawasawa, nawe waendelea.

Matundu hayo yawe makubwa! Wenzangu wengi hukimbilia magamba na mikunjo. Mathalani, mchemraba una nyuso 6; gawa kila uso sehemu nne, urudie hivyo mara 8, utapata nyuso 393,216, na kompyuta kuukuu kama zetu zitaanza kukokota. Tena umbo lenye magamba mazuri hulitupi kwa urahisi, hata kama miguu yake haiwezi kulibeba. Lipake jeusi tupu, ulizungushe. Lisipotambulikana kwa kivuli chake, livunje. Kwa saa moja mimi hufanya matano hivi, nikahifadhi moja.