Je, U Mzima?

Tarehe 11 Machi 2011, saa 8.46 mchana, nchi ya Japani ilitikisika kwa tetemeko kuu, na bahari ikafunika miji ya pwani. Huko Sendai tulikuwa na mwalimu mwenzetu. Tulimpigia simu, wala haikupita, maana kila mtu alikuwa akiwatafuta walio wake. Wajapani wanayo njia njema, iliyoanzishwa mwaka 1998 baada ya msiba wa Kobe wa 1995: aliye salama hupiga 171, huacha maneno ya nusu dakika (nayo yatosha), na jamaa zake huyasikiliza. Sisi tulio ng'ambo tulimwandikia maneno matatu tu: "U mzima, ndugu?" Siku ya nne akajibu: "Mzima. Shuleni wamelala waliokosa nyumba. Twapika uji wa mchele."