Fahamu: Linux ni nini, na nani huiandikia programu?

Tangu Microsoft ilipositisha huduma ya kawaida kwa Windows 10, tarehe 14 Oktoba 2025, wenye kompyuta za zamani wanaitaja Linux mara kwa mara.

Ni nini?
Ni kiini cha mfumo endeshi, kilichoanzishwa na Linus Torvalds wa Finland mwaka 1991. Msimbo wake uko wazi: yeyote anaweza kuusoma, kuurekebisha na kuusambaza. Imetawala kwenye seva. Kwenye kompyuta za mezani watumiaji wake ni wachache.

Ugumu wa kuiandikia programu uko wapi?
Ubuntu, Debian na Fedora zote ni mifumo endeshi iliyojengwa juu ya Linux, lakini namna zake za kufungasha programu zinatofautiana. Flatpak, namna ya kufungasha programu mara moja kwa mifumo yote hiyo, imepunguza kazi ya waandishi wa programu.

Na Kiswahili?
Hapa Tanzania ina historia ya kujivunia, isiyosimuliwa vya kutosha. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Msimbo ulikuwa wazi, hivyo wataalamu hawakusubiri kampuni iamue kama lugha yetu ina soko.

Linux inamhusu vipi mwanafunzi wa Kigongo, mkoani Mwanza?
Flashi moja iliyojazwa Mwanza mjini hubeba mfumo mzima. Akiuweka kwenye kompyuta yake ya zamani, ataanza kujifunza kuandika programu kwa lugha ya Python bila kulipia leseni.